Mashine za wanafunzi nyuma ya karakana: jibu kwa mwalimu wa amali wa Pemba

Mwalimu mmoja anayesomesha fani ya uchomaji vyuma katika kituo cha mafunzo ya amali kisiwani Pemba ameniandikia hivi: “Kwa miaka sita nimesimamia miradi ya wanafunzi wanaomaliza. Wametengeneza kikaushio cha karafuu, mashine ya kusagia mwani mkavu na mashine ya kukunia nazi. Kila moja ilifanya kazi siku ya maonesho, viongozi wakaipiga picha na wanafunzi wakapata alama nzuri. Leo zote tatu ziko nyuma ya karakana zinaliwa na kutu, wala hakuna mtu hata mmoja wa kijijini anayezitumia. Tunakosea wapi? Je, tulipaswa kuziombea hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe, kabla ya kuzionesha? Na hizi zilizobaki nizifanye nini?”

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, kwa sababu miongoni mwa mitambo niliyowahi kuisimamia mimi mwenyewe upo mmoja uliokuja kugeuzwa tundu la kuku. Nakujibu, basi, kama mtu aliyetangulia kukosea.

Wanafunzi wako hawana upungufu wa ubunifu, na kijana aliyeweza kuunda mashine inayozunguka na kusaga bila ya kutikisika ameshaijua kazi ya mikono yake. Ninavyoona, kasoro iko kwenye ncha mbili za mradi: mwanzoni hakuna mwenye shida aliyeulizwa, na mwishoni hakuna fundi aliyeandaliwa kuurithi. Katikati, pale penye kukata, kupima na kuunga, mnafanya vizuri, na kwa kuwa mtihani unapima hapo katikati tu, ncha zile mbili hazimshughulishi mtu.

Tuyatenge kwanza mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Ubunifu ni kupata njia mpya, au njia iliyoboreshwa, ya kufanya jambo. Uhaulishaji wa teknolojia ni kuuhamisha ujuzi wa njia hiyo kutoka kwa aliye nao hadi kwa asiyekuwa nao, mpaka huyu wa pili aweze kukitumia kifaa, kukitengeneza kikiharibika na kuunda kingine bila ya kumwita yule wa kwanza. Kukabidhi mashine kwa mkono mmoja huku kamera ziko mkono wa pili hakujafika huko. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilianza katika miaka ya 1970 kupima ukomavu wa teknolojia kwa ngazi, na baadaye ngazi hizo zikatimia 9: ya 1 ni pale kanuni ya msingi inapojulikana tu, na ya 9 ni pale kifaa kinapokuwa kimethibitika katika kazi yake halisi. Mashine inayofanya kazi kwa dakika kumi mbele ya mgeni rasmi, juu ya sakafu ya saruji, pamoja na aliyeiunda akisimama pembeni na spana mfukoni, mimi huihesabu kuwa ngazi ya 4, au ya 5 nikiionea huruma. Safari iliyobaki hapo ni ndefu kuliko ile iliyokwishakwenda, na kipindi kimoja cha masomo hakiitoshi.

Sasa nikusimulie habari ya lile tundu la kuku, kwa kuwa lilianza maisha yake likiwa kikaushio cha karafuu, ndugu wa hicho chako.

Miaka mingi iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa na wanafunzi wanne hodari. Tuliona kwamba msimu wa karafuu unagongana na mvua za vuli, na kwamba karafuu mbichi ikirundikwa usiku mmoja bila ya kuanikwa huanza kuchacha, hupoteza rangi na hushuka daraja inapofikishwa kituoni kuuzwa. Tukaamua kuunda sanduku la bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye kioo juu na trei nne za wavu, pamoja na feni ndogo ya kusukuma hewa. Tulilijaribu chuoni kwa kilo nne za karafuu na zikakauka vizuri, kwa rangi ile ya hudhurungi inayopendwa na wanunuzi. Alama zikatoka. Nikalipakia sanduku kwenye gari hadi kwa mzee mmoja mwenye mikarafuu, nikiwa na furaha ya mtu anayepeleka mahari.

Mzee alilizunguka sanduku lile mara moja, akalifungua, akaingiza mkono. Kisha akanionesha uwanja wake, ambako majamvi yalikuwa yametandikwa kutoka mlango wa banda hadi chini ya mfenesi, yote yamejaa karafuu za siku ile moja, na wachumaji walikuwa bado hawajarudi na polo za jioni. Akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, mvua ikija, nikimbilie majamvi au nikimbilie sanduku lako?” Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nikakuta kuku wametaga kwenye trei ya pili.

Lililoniuma zaidi ni kwamba hesabu ya kuniepusha na aibu ile ilikuwa ya dakika kumi, na naiandika hapa ili uwape wanafunzi wako kabla hawajashika grenda. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu takriban kilo 1, yaani kilo 2 ni maji yanayopaswa kuondoka. Kuvukiza kilo moja ya maji kunahitaji nishati inayokaribia thuluthi mbili za uniti moja ya umeme. Jua la visiwani kwetu, kwa siku njema, huleta kiasi cha uniti 5 kwa kila mita moja ya mraba, na kikaushio cha kawaida kinafanya vyema kikitumia robo hadi thuluthi ya hizo. Ukizidisha na kugawa utaona kwamba mita moja ya mraba ya kioo inaondoa kama kilo 2 za maji kwa siku, sawa na kilo 1 tu ya karafuu kavu. Kioo chetu kilikuwa na mita moja na nusu. Mzee yule, akichuma kilo 60 mbichi kwa siku, alihitaji kuondoa kilo 40 za maji, na kwa hivyo alihitaji eneo la mita 20 za mraba. Uwanja wake na majamvi yake, ambayo sisi tuliyaona ni ushamba, yalikuwa tayari yana eneo hilo na zaidi, bila ya gharama.

Jua lilimtosha mzee yule, kwani siku 4 hadi 5 za jua zuri zinakausha karafuu jamvini bila ya taabu. Kilichomhangaisha ni mvua ya ghafla na umande wa usiku, na lile pilikapilika la kukunja majamvi na kuyakunjua mara tatu kwa siku. Tulikwenda na jibu la suala ambalo hakuliuliza. Laiti tungekaa naye nusu siku kabla ya kuchora mstari wa kwanza, tungeunda paa jepesi la bomba mraba na nailoni ngumu, lenye magurudumu, linalosukumwa na mtu mmoja juu ya reli mbili likafunika uwanja mzima kwa dakika moja. Wala hilo halihitaji kuvumbuliwa: wakulima wa kakao wa Trinidad wamekuwa na nyumba za kukaushia zenye paa la kusukuma juu ya reli tangu zamani. Angepatikana mtu wa kulichukua wazo lile kutoka Karibi, akalipunguza uzito, akalipatia vipimo vya uwanja wa Pemba na magurudumu yanayopatikana Chake Chake, huo ungekuwa uhaulishaji wa teknolojia kwa maana yake kamili, na ndani yake ungekuwemo ubunifu wa kutosha kumpa kijana alama za juu. Mimi nina hakika kazi ya namna hiyo, ya kuchukua na kulinganisha, inamfaa mwanafunzi wa amali kuliko kumlazimisha abuni kitu ambacho dunia haijakiona.

Ncha ya pili, ya urithi, inaelezeka vyema kwa jiko. Lile jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo Kenya ilianza kulieneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni jiko la ndoo la Thailand. Halikuhamishwa kama lilivyo. Mafundi wa mitaani wa Nairobi, wanaoitwa “jua kali”, waliokuwa tayari wakifua majiko ya bati kwa mikono, walishirikishwa, wakafunzwa, na umbo likabadilishwa: udongo ukawekwa nusu ya juu tu ili jiko liwe jepesi na bei ipungue, na kitako kikapanuliwa ili lisipinduke mtu anaposonga ugali. Zamani hizo hakuna aliyelifungia kwa hataza, kila fundi aliyeliona aliweza kuliiga, na ndivyo lilivyoenea hadi nchi za jirani. Uigaji huo ulileta madhara yake, kwani udongo mbovu ulipasuka na wanunuzi wakalalamika, lakini madhara ya kuenea hurekebishika kwa mafunzo na ukaguzi. Kifaa kilichofungiwa stoo hakina hata wa kukilalamikia.

Kwa hiyo nakushauri, Mwalimu, kabla ya kumruhusu mwanafunzi kuanza, mtake akutajie watu wawili kwa majina yao: mtu mwenye shida, na fundi wa mtaani atakayeweza kukiunda kifaa hicho baada ya mwanafunzi kupata cheti na kwenda kutafuta kazi Unguja au Dar es Salaam. Fundi huyo unaye karibu. Ni yule anayechomelea mageti na madirisha pale barabarani, au yule anayeunda gari za ng’ombe kwa kutumia ekseli za magari mabovu, ambaye kwa kweli ni mhandisi wa uhaulishaji ingawa hajawahi kuitwa hivyo. Mwalike karakanani mwanafunzi anapowasilisha mchoro, wala usimwalike kama mgeni wa heshima. Mpe kalamu, aukatekate mchoro. Atakwambia kwamba bomba ulilochora halipatikani Wete, kwamba beringi ile inauzwa bei ya mbuzi mzima, na kwamba kona uliyoibana namna hiyo haifikiwi na fimbo ya kuchomelea. Saa moja ya maneno yake inaokoa mwezi mzima. Utaratibu wa uanagenzi, ambao tayari unawapeleka vijana kwenye karakana za watu binafsi, unakupa mlango wa kufanya hivyo bila ya kuomba ruhusa nyingi.

Mwisho wa mradi, fundi huyo apewe nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, maana wao hufikiri anapewa mashine. Mashine moja ni ya mwenye shida. Fundi anahitaji mchoro wenye vipimo vyote kwa milimita, uliochorwa kwa namna ambayo mtu wa darasa la saba anaweza kuusoma. Anahitaji vigezo, yaani zile fremu za kushikilia vyuma wakati wa kuunga ili mashine ya kumi iwe sawa na ya kwanza. Anahitaji orodha ya vipuri pamoja na maduka vinakopatikana na bei ya siku hiyo. Na anahitaji daftari la makosa. Hilo la mwisho ndilo adimu kuliko yote. Mwanafunzi huandika ripoti ya kurasa arubaini yenye shukrani, utangulizi na historia ya kisiwa, lakini haandiki kwamba ubapa wa kwanza ulipinda kwa sababu chuma kilikuwa cha milimita 2, na kwamba mkanda uliruka kila mashine ilipolemewa. Anaona haya. Matokeo yake, kundi linalofuata hupinda ubapa uleule na kurukwa na mkanda uleule. Mimi siku hizi nisingetoa alama za ripoti mpaka nimeona angalau makosa matano yaliyoandikwa pamoja na namna yalivyotatuliwa, na kama mwanafunzi hana makosa matano, hajajaribu vya kutosha.

Jambo jingine linalofungamana na hilo ni muda. Miradi yenu inazaliwa upya kila mwaka, na kila kundi linataka kitu kipya ili lisionekane limeiga. Acheni hivyo. Chukueni tatizo moja, tuseme hilo paa la kuanikia karafuu, mliendeleze kwa miaka mitatu au minne. Kundi la kwanza lipime viwanja vya wakulima wasiopungua kumi, lihesabu majamvi, liulize nani hukunja na kwa muda gani, kisha liunde kipande kimoja cha mita chache. Kundi la pili lichukue daftari la wenzao, lijenge paa kamili kwenye uwanja wa mkulima mmoja na lilifuatilie msimu mzima, pamoja na mvua na upepo wake. Kundi la tatu kazi yake iwe kupunguza bei kwa nusu na kumfunza fundi. Watahini wanataka kazi ya kila mwanafunzi ionekane peke yake, na hilo lina jawabu: mmoja ashughulike na reli na magurudumu, mwengine na fremu, mwengine na mfumo wa kufunga nailoni isipeperuke. Kila mmoja ana mchoro wake, vipimo vyake na utetezi wake, na paa ni moja.

Tuje kwenye mashine ya mwani, ambayo nadhani inaficha somo tofauti. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza rasmi pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu na mbinu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea hadi Pemba, na wengi wa wakulima wake ni akina mama. Sehemu kubwa ya mwani wao huanikwa, hutiwa kwenye polo na kuuzwa ukiwa mkavu kwa makampuni yanayousafirisha nje, ambako ndiko hutolewa ule utomvu wa kugandishia vyakula na dawa. Mama anayeuza namna hiyo hana haja ya kusaga hata kilo moja. Akisaga, mnunuzi wake hachukui. Wanaohitaji unga ni vikundi vinavyotengeneza sabuni na vyakula, kama vile vya Kidoti na Paje kule Unguja, na kiasi wanachosaga kwa wiki ni kidogo. Je, wanafunzi wako walikwenda kwenye kikundi cha aina gani? Nahisi waliona mwani unalimwa kijijini, wakahitimisha kwamba lazima usagwe.

Mwani huohuo umetupa mfano mzuri wa namna kifaa chema kinavyoweza kugonga ukuta usiokuwa wa chuma. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri kuliko ile nyingine iitwayo spinosamu, ilianza kufa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari ilivyozidi kupata joto. Watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, walihimiza njia ya nyavu za mirija, ambapo mwani hutiwa ndani ya wavu mrefu na kuoteshwa kwenye maji ya kina kirefu zaidi, badala ya kufungwa kwa taitai, yaani vikamba vidogo, kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Kitaalamu njia hiyo inafanya kazi. Lakini maji ya kina kirefu yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea, na akina mama waliozoea kwenda kwa miguu wakati wa maji kupwa wengi wao hawakuwa na kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo wavu ulipaswa kufuatana na mafunzo ya kuogelea na mashua. Ndiyo maana nasisitiza mwanafunzi amtembelee mtumiaji kazini kwake, maji yakiwa yamekupwa na jua liko utosini. Huko ataona mambo ambayo hata mtumiaji mwenyewe hawezi kuyaeleza akiulizwa ukumbini.

Kuhusu kutu kwenyewe, neno moja la kifundi. Mwani mkavu bado una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa usiku kucha, ndiyo sababu chuma cha kawaida ndani ya mashine hiyo hakiwezi kudumu hata mkikipaka rangi mara ngapi. Sehemu zinazogusa mwani ziwe za chuma kisichoshika kutu, na hapo pia kuna daraja: ile ya 304 ambayo maduka mengi huiuza hustahimili jikoni, lakini penye chumvi ya bahari inayofaa ni 316, iliyotiwa madini ya molibdeni. Ni ghali, kwa hiyo itumieni kwenye visu na chungu tu, fremu ibaki ya chuma cha kawaida. Tafadhali vilevile wakatazeni vijana kuchomelea bomba lililopakwa zinki ndani ya karakana iliyofungwa bila ya kulikwangua kwanza, kwani moshi ule mweupe huwatia homa usiku, nao hudhani ni malaria. Na kila chenye mota kiulizwe: umeme ukikatika? Pemba ilipata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na mwaka huohuo Unguja ndiyo kwanza ilikuwa ikitoka kwenye kiza cha takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, baada ya kuharibika mitambo ya kupokelea umeme. Mahali penye historia hiyo, mkono wa kuzungushia ubavuni mwa mashine ni busara ya gharama ndogo.

Umeniuliza hataza. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili unashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Hataza hutolewa kwa jambo ambalo ni jipya duniani kote, lenye hatua ya kiuvumbuzi, na linaloweza kutumika viwandani. Kwa haki, mashine zako tatu hazifiki hapo, na sioni sababu ya kumtia mwanafunzi katika gharama hiyo. Mashine ya kukunia nazi imejaa masokoni, kuanzia Darajani hadi Mkoani. Hata hivyo, iwapo siku moja kijana atakuja na kitu ambacho wewe, baada ya kutafuta kwa bidii mtandaoni, hukuona mfano wake, basi usikioneshe popote kabla ya kumwona msajili, kwa sababu kinachokwisha kuoneshwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya na kwa hivyo kukosa ulinzi. Kinachohitajika katika kila mradi, uwe mpya au wa kuiga, ni karatasi moja iliyosainiwa kabla ya kazi kuanza, inayosema mchoro ni wa nani, kituo kinaruhusiwa kufanya nini, na fundi akiuza mashine ishirini mwanafunzi anapata chochote au hapati. Nimeona urafiki wa mwalimu na mwanafunzi ukivunjika kwa kukosa karatasi hiyo, na mashine yenyewe haikuwa na thamani ya ugomvi ule.

Ulinzi mwengine ambao watu huusahau ni wa mlaji. Kifaa kinachogusa chakula au umeme, kabla ya fundi kuanza kukiuza, kipelekwe kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar wakiangalie. Mashine ya kukunia nazi isiyokuwa na kinga ya vidole mimi nisingeipa alama hata ikikuna nazi mia kwa saa.

Fedha sitazizungumza kwa urefu. Kila mwaka huambiwa kwamba miradi inakufa kwa kukosa fedha, lakini mengi ya niliyoyaeleza hapo juu, kama kumtembelea mkulima, kumwalika fundi na kuandika makosa, hayagharimu zaidi ya nauli ya daladala. Mtakapofika hatua ya kundi la tatu, fundi mwenye mchoro, kigezo na wateja wawili waliokwisha kulipa arubuni anaweza kwenda kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi kuomba mkopo akiwa na cha kuonesha. Kwenda mapema, na mashine moja na barua ya pongezi, ni kujisumbua.

Sasa zile tatu zilizobaki. Usizipake rangi upya kwa ajili ya maonesho yajayo, nakuomba. Kundi litakaloanza muhula huu lipewe kazi ya kuzifumua, na kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu sehemu iliyokufa kwanza na sababu yake. Mashine ya nazi nadhani itahitaji beringi mpya na kinga tu. Ikitengenezwa, mpeni mama lishe aliye jirani na kituo kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba kijana mmoja apite kila Ijumaa asubuhi kuuliza imesumbua nini. Ya mwani itoeni mota, muitumie kwingine, na mwili wake uwe kielelezo cha somo la kutu. Kikaushio kipimeni kioo chake, mfanye hesabu ile ya kilo na mita za mraba, kisha mwende nayo kwa mkulima wa karafuu aliye karibu nanyi mkamuulize, mkiwa mmekaa naye jamvini, mvua ikija huwa anakimbilia nini kwanza.